Pakanga ya Nyika na Moto: Elimu Inapochelewa Kumfikia Mwenye Jembe

Ndugu msomaji, huenda jina la pakanga si geni masikioni mwako. Ni mmea mchungu, wenye harufu kali isiyosahaulika, na ukoo wake ni mkubwa ulioenea duniani. Waarabu wanao mmoja wa jangwani wanaouita shihi. Mwingine, ambao asili yake ni China, ndio unaotoa artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto ya malaria ambayo imeokoa watoto wengi katika nyumba zetu. Lakini ni wachache wanaofahamu kwamba ndugu mwingine wa ukoo huohuo ametanda katika nyika za magharibi ya Marekani, na kwamba leo ndugu huyo yumo hatarini kwa sababu ya moto.

Habari ya mmea huo ni ya majani na mbegu, lakini ndani yake lipo jambo zito zaidi: namna elimu inavyosafiri, au inavyoshindwa kusafiri, kutoka kwa anayeijua hadi kwa anayeihitaji. Wataalamu wamechunguza nyika ile kwa miongo mingi. Ardhi, hata hivyo, haiponi kwa utafiti uliokaa kabatini. Hupona pale msimamizi wake anapojua la kufanya, na akalijua kabla wakati haujampita.

NYIKA ISIYOZOEA MOTO

Kati ya milima ya Sierra Nevada na milima ya Rocky kuna eneo pana liitwalo Great Basin, yaani Bonde Kuu. Mito yake haifiki baharini. Maji yake hukomea katika maziwa ya chumvi au hunywewa na mchanga. Eneo hilo limechukua sehemu kubwa ya jimbo la Nevada pamoja na sehemu za Utah, Oregon, Idaho na California. Majira ya baridi huko huleta theluji, na kiangazi hukausha kila kitu. Katika sehemu za chini, mvua na theluji kwa pamoja hazifiki milimita 300 kwa mwaka.

Hapo ndipo pakanga ya nyika ilipojijengea makao. Ni kichaka cha rangi ya kijivu chenye majani madogo ya ncha tatu, na mizizi yake huzama chini sana kutafuta maji. Kichaka kimoja chaweza kuishi miaka mingi kuliko mtu aliyekiona kikichipua. Kivuli chake hutunza theluji isiyeyuke upesi, na chini yake huota nyasi za kudumu na maua ya porini. Yuko ndege mmoja wa jamii ya kwale ambaye wakati wa baridi hula majani ya pakanga karibu peke yake. Palipo na pakanga yupo, na ikiondoka hana pengine pa kwenda.

Sisi tuliozoea nyika za Afrika tunaweza kustaajabu kusikia kwamba moto ni msiba mkubwa hivyo. Nyasi za Serengeti huungua, na mvua ya kwanza ikinyesha huchipua tena zikiwa laini, swala wakazifuata. Pakanga kubwa ya nyika haina uwezo huo. Ikiungua, imekufa, shina lake halichipui. Tumaini lake limo katika mbegu, na mbegu zenyewe ni ndogo mno, nyingi huanguka mita chache tu kutoka kwa mama yao, na hazidumu udongoni kwa muda mrefu. Tena hukomaa mwishoni mwa mwaka, ilhali moto huja Julai na Agosti. Kwa hiyo moto huwakuta wazazi kabla hawajazaa.

Hapo zamani madhara hayo yalikuwa na tiba yake, nayo ni muda. Moto ulipita mahali, kisha miongo mingi ikapita kabla haujarudi, na katika nyika kavu za chini pengo hilo laweza kuwa lilizidi karne. Pia moto uliacha visiwa vya vichaka vizima, ambavyo mbegu zake zilisonga polepole hadi kuijaza ardhi iliyoungua. Kilichobadilika ni kwamba muda huo umekatwa.

NYASI LAGHAI

Aliyeukata muda ni mgeni. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, aina fulani ya nyasi za msimu mmoja zenye asili ya Ulaya, Asia na pande za Bahari ya Kati iliingia Marekani, ikiwa imechanganyika na nafaka na majani makavu ya kufungia bidhaa. Reli, mifugo na mashamba yaliyoachwa viliisambaza, na ilipofika miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha kuenea katika sehemu kubwa ya nyika. Jina la Kiingereza walilolipa Wamarekani linatokana na neno la udanganyifu, nasi hapa tuziite nyasi laghai.

Ulaghai wake ni huu: huota vuli au wakati wa baridi, mimea mingine ikiwa imelala, na mizizi yake hunywa maji ya udongo mapema. Mwanzoni mwa majira ya joto, nyasi za asili zingali kijani, yeye amekwisha kuzaa mbegu, akafa na kukauka. Hubaki kama karatasi iliyotandikwa juu ya nchi. Zamani kati ya kichaka na kichaka palikuwa na nafasi tupu, na moto ulipofika hapo ulikosa cha kushika. Sasa nafasi hizo zimejazwa, na cheche moja ya radi, au ya mnyororo wa gari unaoburuzwa barabarani, yatosha.

Moto ukishapita, mbegu za nyasi laghai zilizofichika udongoni hubaki na kuota kwa wingi kuliko mwanzo, maana wapinzani wake wamekufa. Nyasi nyingi huleta moto mwingi, na moto mwingi huleta nyasi nyingi. Ziko sehemu za Idaho na Nevada ambako moto sasa waweza kurudi kila baada ya miaka michache, na kichaka kinachohitaji miaka mingi ili kukomaa hakiwezi kuishi mahali kama hapo.

Vipimo vya hasara vinatisha. Mwaka 2007, mkusanyiko wa mioto ya Murphy katika mpaka wa Idaho na Nevada uliteketeza zaidi ya hekta 260,000. Mwaka 2018, moto wa Martin huko Nevada uliteketeza zaidi ya hekta 170,000. Uchunguzi wa kitaalamu uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kati ya 2001 na 2020 nyika yenye afya ilipotea kwa wastani wa zaidi ya hekta laki tano kila mwaka. Moto na nyasi ngeni ndivyo vilivyoongoza katika hasara hiyo.

ELIMU IPO, LAKINI NANI ANAYO?

Sehemu kubwa ya ardhi hii ni mali ya umma. Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya serikali kuu, ijulikanayo kwa kifupi BLM, peke yake inasimamia takriban hekta milioni 99 nchini kote. Lakini anayeamua la kufanya juu ya kilima fulani kilichoungua si idara kwa jina lake. Ni mtu: afisa wa malisho, mtaalamu wa mimea wa wilaya, mkuu wa kikosi cha moto, au mfugaji ambaye ng'ombe wake wanalisha pale kwa kibali.

Mfikirie mtu huyo, ndugu msomaji. Moto umezimwa Agosti. Mvua za vuli zinakaribia, na nyasi laghai zitaota pamoja nazo. Fedha za dharura zina muda wake, zisipotumika zinarudi. Mbegu lazima ziagizwe sasa, na ghalani pengine hakuna zinazotoka katika hali ya hewa kama ya kilima chake. Wafugaji wanauliza ni lini watarudisha mifugo, kwa kuwa desturi ni kuipumzisha ardhi iliyoungua walau misimu miwili ya ukuaji. Ana wiki chache za kuamua jambo litakaloonekana matokeo yake baada ya miaka ishirini.

Mtaalamu wa chuo kikuu naye yuko mbali. Amefanya utafiti miaka sita, ameuandika kwa lugha ya wenzake, ukachapishwa katika jarida ambalo kulisoma hulipiwa. Ukimwuliza kama mbegu zipandwe, atajibu kwa unyofu kabisa: inategemea. Jibu hilo ni sahihi kwa elimu, lakini halimsaidii mtu ambaye lori la mbegu linamsubiri nje ya ofisi. Na wale maafisa waliokwisha kujifunza kwa makosa yao huhamishwa au hustaafu, nao wakiondoka huondoka na walichojua.

Kwa kutambua pengo hilo, Bunge la Marekani lilianzisha mwaka 1998 mpango wa pamoja wa utafiti wa moto, unaoendeshwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo, ambayo ndiyo yenye dhamana ya ardhi za umma, pamoja na Idara ya Misitu. Baadaye mpango huo ulizaa mtandao wa vituo 15 vya kubadilishana elimu ya moto, kila kimoja na eneo lake. Kituo cha Bonde Kuu kazi yake si kufanya utafiti mpya, bali kuwakutanisha watu: kufupisha utafiti mrefu uwe kurasa chache zinazosomeka, kuandaa mihadhara, na juu ya yote kuwapeleka mtafiti na msimamizi katika kilima kimoja wakatazame udongo mmoja.

Safari hizo za nyikani ndizo wengi huzisifu. Ofisini, mtaalamu husema na wengine huandika. Nyikani mfugaji huinama, akang'oa unyasi, akasema kwamba hapa palipandwa mbegu zamani zikashindwa, na pale ng'ambo ya korongo zikaota. Mtaalamu hupata swali ambalo hakulijua, na msimamizi hupata sababu ya jambo aliloliona kwa macho bila kulielewa.

SWALI LA UDONGO

Matunda makubwa ya mazungumzo hayo ni fikra mbili ambazo sasa kila afisa wa nyika anazijua. Ya kwanza ni ustahimilivu: je, ardhi hii ikipigwa na moto itajirudi yenyewe? Ya pili ni ukinzani: je, ardhi hii yaweza kumkatalia mgeni asikae? Mwaka 2014, kundi la wataalamu likiongozwa na mwanaikolojia Jeanne Chambers wa Idara ya Misitu lilitoa mwongozo uliozigeuza fikra hizo kuwa chombo cha kazi.

Ufunguo wake ni joto na unyevu wa udongo. Milimani, ambako udongo ni baridi na una maji, nyasi za kudumu ni nyingi na nyasi laghai hazistawi. Pakiungua, mara nyingi jambo la hekima ni kupaacha na kupalinda. Mabondeni, ambako udongo ni wa joto na mkavu, hali ni kinyume: asili ni dhaifu, mgeni ana nguvu, na moto mmoja waweza kuwa wa mwisho. Kati ya ncha hizo mbili ndipo juhudi ya mwanadamu inapoleta tofauti kubwa zaidi.

Ukiweka hali ya udongo upande mmoja wa jedwali, na kiasi cha pakanga kilichobaki upande wa pili, unapata ramani ya maamuzi. Afisa mpya aliyehamishiwa wilayani jana anaweza kuisoma. Lile neno "inategemea" halikuondoka, ila sasa limefafanuliwa: inategemea nini, na kwa namna gani.

Elimu hiyo pia ilihitaji ujasiri wa kukiri kushindwa. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka huo huo wa 2014 ulirudi kutazama miradi ya kupanda mbegu iliyofanywa baada ya moto kati ya 1990 na 2003. Ilidhihirika kwamba mbegu zilifanikiwa zaidi palipo juu na penye mvua, na kwamba katika sehemu kavu za chini, hasa kwa pakanga yenyewe, kazi kubwa ilikuwa imeleta matunda madogo. Si habari njema kwa waliomwaga jasho lao pale, lakini anayeifahamu hatarudia kumwaga mbegu kutoka angani mahali pasipozipokea, akidhani ametimiza wajibu.

MOTO WA SODA

Mwezi Januari 2015, Waziri wa Mambo ya Ndani Sally Jewell alitoa agizo la kuweka mbele ulinzi wa nyika ya pakanga dhidi ya moto, na kutaka maamuzi yafuate elimu. Mtihani haukuchelewa. Tarehe 10 Agosti mwaka huo radi iliwasha moto kusini magharibi ya Idaho. Moto huo, ulioitwa Soda, ulivuka hadi Oregon na kuunguza takriban hekta 113,000 za malisho na makazi ya yule ndege wa jamii ya kwale.

Safari hii wataalamu wa Idara ya Jiolojia ya Marekani hawakungoja kuitwa baada ya miaka kumi. Walishirikiana na BLM tangu mwanzo. Mbegu zilipandwa kwa mashine na kwa ndege, dawa ya kuua magugu ilipulizwa kuzuia nyasi laghai zisiote, na viwanja vidogo vingi vya kupimia viliwekwa kote katika eneo lililoungua. Kila mwaka vilipimwa, na matokeo yakamfikia msimamizi kwa wakati wa kuyatumia: hapa mbegu zimeota, muache, pale nyasi laghai zimerudi, puliza dawa tena, kule pakanga haikutokea, jaribu msimu mwingine.

Kazi haikuwa rahisi, wala si kila kilima kilipona. Lakini kosa lilionekana mapema, lingali dogo, na hapo ndipo pana faida ya elimu iliyo karibu na kazi.

PAANZIWE WAPI?

Fundisho gumu zaidi huenda ni lile la mwaka 2022, wataalamu walipotoa mpango wa kuhifadhi nyika nzima ya pakanga. Desturi ya muda mrefu ilikuwa kukimbilia palipoharibika vibaya kuliko pote. Ni maumbile ya huruma. Jeraha kubwa huita. Mpango huu ulisema: anza na palipo pazima. Walinde walio na afya, kisha panua mipaka yao kidogo kidogo, na palipokufa kabisa paje mwisho.

Sababu yake ni hesabu. Kung'oa chipukizi chache za mgeni katika ardhi nzima ni kazi ndogo. Kuirudisha ardhi iliyokwisha kutekwa ni gharama kubwa na matumaini haba. Picha za setilaiti zimesaidia hapo. Upo mtambo wa ramani wa Chuo Kikuu cha Montana na washirika wake ambao huonyesha, kwa kila mwaka tangu miaka ya 1980, kiasi cha nyasi za msimu, nyasi za kudumu, vichaka na miti katika kila kipande cha mita 30. Yeyote aweza kuutumia bila malipo. Mfugaji hukaa mezani kwake na kuona mgeni akikaribia mpaka wake miaka mitano kabla hajaingia.

Hata hivyo yapo ambayo hayajaafikiwa. Malisho ni mojawapo: mifugo wengi kupita kiasi hudhoofisha nyasi za kudumu na kumfungulia mgeni mlango, lakini mifugo wanaoongozwa kwa wakati wake waweza kupunguza majani makavu kabla ya msimu wa moto. Barabara za kuzuia moto ni jingine: huwapa wazima moto mahali pa kusimama, lakini pia huikata nyika vipande na zaweza kuwa njia ya magugu. Mitarakwa na misonobari inayopanda kutoka milimani na kuisonga pakanga, je, ikatwe au ichomwe kwa utaratibu? Tangu mwaka 2005 mradi mkubwa katika majimbo kadhaa umekuwa ukilinganisha njia hizo, na jibu hubadilika kulingana na mahali. Katika Idaho na Oregon wafugaji wenyewe wameunda vyama vya kujitolea, wakafunzwa na kupewa vifaa, kwa kuwa wao ndio walio karibu moto unapoanza. Nao wana elimu ambayo hakuna chuo kinachoitoa.

Ndugu msomaji, nyika ile iko mbali nasi, na huenda hatutaitia machoni. Lakini tazama njia iliyopita elimu. Iliandikwa na wachache, ikafupishwa na waliojali, ikabebwa hadi kilimani, ikasahihishwa na mwenye ng'ombe, ikarudi kwa mtaalamu ikiwa imeongezeka. Kila hatua ilihitaji mtu aliyekubali kusema kwa lugha ya mwingine, na mtu mwingine aliyekubali kuuliza bila kuona haya.

Katika sehemu zilizopona, kichaka kipya cha pakanga mwaka wa kwanza hakizidi urefu wa kidole. Anayepita kwa gari hakioni. Anayekiona ni yule afisa aliyeshuka, akapiga magoti, akaandika katika daftari lake namba ya kiwanja na neno moja: kipo.